Mwajiri anaruhusiwa kukata mshahara wa mfanyakazi wakati gani?

Mtunza Ghala:

Salaam kwenu nyote. Naomba kueleweshwa kuhusu makato ya mshahara, na nitaeleza jambo lenyewe kwa urefu kidogo ili atakayenijibu asilazimike kukisia.

Nafanya kazi katika duka la jumla, upande wa ghala. Kila mwisho wa mwezi mali huhesabiwa, na pakionekana upungufu kati ya kilichoandikwa vitabuni na kilichopo rafuni, thamani ya upungufu huo hugawanywa sawasawa kwa wafanyakazi wote wa ghala na wa kaunta, kisha kila mmoja hukatwa fungu lake. Haiulizwi nani alikuwa zamu, nani alikuwa likizo, wala funguo zilikuwa mikononi mwa nani. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja alikuwa amelazwa hospitalini karibu mwezi mzima, na bado alikatwa sawa na sisi tuliokuwapo. Kwenye hati ya mshahara makato hayo huandikwa kwa mstari mmoja tu, "makato mengineyo", bila maelezo yoyote.

Yako na mengine mawili. Sare za kazi, ambazo hatukuziomba na haturuhusiwi kuingia kazini bila kuzivaa, tunakatwa gharama yake kidogo kidogo. Na mtu akichelewa dakika 20 anakatwa mshahara wa nusu siku. Tukiuliza, tunaonyeshwa mkataba wa ajira, ambao una kifungu kinachosema kwamba mwajiri atakuwa na haki ya kukata kiasi chochote atakachoona kinafaa kufidia hasara. Wote tulikitia saini siku tuliyoanza kazi, na meneja anasema mtu mzima aliyetia saini amekubali, mjadala umekwisha.

Nauliza, je, saini ile inatufunga kwa makato yote haya? Je, hasara isiyojulikana mhusika inaweza kugawanywa kwa kundi? Na je, kuna kiwango ambacho mshahara haupaswi kushuka chini yake hata kama madeni ni halali?

Wakili wa Kazi:

Ndugu Mtunza Ghala, maswali yako yanajibika, ingawa majibu hutofautiana kidogo kati ya sheria ya nchi moja na nyingine. Nitakupa msingi wenyewe kisha nikuonyeshe jinsi sheria chache ninazozifahamu zinavyoutumia, ili nawe uisome ya kwenu ukiwa unajua unatafuta nini.

Mshahara wa kazi iliyokwisha kufanyika ni haki ya mfanyakazi, na upo mikononi mwa mwajiri kwa muda tu hadi siku ya malipo. Kwa hiyo mfanyakazi hana wajibu wa kueleza kwa nini hataki kukatwa. Anayepaswa kueleza ni mwajiri, tena kwa kutaja idhini inayomruhusu kukata. Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu Ulinzi wa Mshahara, uliopitishwa mwaka 1949, unasema katika ibara ya 8 kwamba makato yataruhusiwa tu kwa masharti na kwa kiwango kilichowekwa na sheria ya nchi, au na mkataba wa hiari wa pamoja kati ya waajiri na chama cha wafanyakazi, au na tuzo ya usuluhishi, yaani uamuzi wa msuluhishi, na kwamba mfanyakazi ni lazima ajulishwe masharti hayo. Utaona kwamba makubaliano ya mtu mmoja mmoja na mwajiri wake hayakutajwa kabisa katika ibara hiyo. Sababu yake si ngumu kuielewa, kwani anayeomba kazi hutia saini karibu kila karatasi anayowekewa mezani, hivyo saini yake peke yake haithibitishi sana kwamba alikubali kwa hiari.

Sheria nyingi za nchi zimeyapa nafasi makubaliano ya maandishi, lakini zimeyawekea uzio. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 28, inaruhusu kato linalotakiwa au kuruhusiwa na sheria iliyoandikwa, mkataba wa pamoja, amri ya mshahara, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi. Nje ya hayo inaruhusu kato ambalo mfanyakazi amelikubali kwa maandishi kuhusiana na deni. Kama deni lenyewe linatokana na hasara au uharibifu wa mali ya mwajiri, masharti yanaongezeka, nayo yote ni lazima yatimie kwa pamoja: hasara iwe imetokea katika kutekeleza kazi na kwa kosa la mfanyakazi huyo, mwajiri awe amempa kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na jinsi kilivyokokotolewa, mfanyakazi awe amepewa nafasi ya kutosha ya kuyapinga hayo, jumla isizidi hasara halisi, na makato ya namna hiyo yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Afrika Kusini ina masharti yanayokaribiana sana na hayo katika kifungu cha 34 cha sheria yake ya masharti ya msingi ya ajira ya mwaka 1997, nayo inataka wazi kwamba deni litajwe ndani ya makubaliano yenyewe.

Sasa weka kifungu chenu cha mkataba mbele ya masharti hayo. Kinasema "kiasi chochote" na "atakachoona kinafaa". Siku mliyotia saini hapakuwa na hasara, hapakuwa na kiasi, hapakuwa na hesabu ya kupinga. Haiwezekani mtu awe amepewa nafasi ya kupinga chanzo cha deni ambalo halijazaliwa. Chini ya sheria za aina hii, kifungu kama hicho hakitoshi kuwa idhini ya kukata fidia ya hasara, hata kama kimetiwa saini na mashahidi wawili.

Kwa haki ya upande wa pili, ziko sheria zinazouheshimu mkataba zaidi. Sheria ya Haki za Ajira ya Uingereza ya mwaka 1996, kifungu cha 13, inaruhusu kato lililotajwa katika mkataba, mradi mfanyakazi awe ameonyeshwa au ameelezwa kwa maandishi sharti hilo kabla ya kukatwa. Hata hivyo, kwa wafanyakazi wa maduka sheria hiyo hiyo inaweka kinga ya pekee: upungufu wa fedha au wa mali hauwezi kukatwa zaidi ya asilimia 10 ya mshahara ghafi, yaani kabla ya makato, wa siku husika ya malipo, na mwajiri hawezi kufufua upungufu alioujua, au aliopaswa kuujua, zaidi ya miezi 12 iliyopita. Kinga ya asilimia 10 huondoka kwenye malipo ya mwisho ya mtu anayeacha kazi, jambo ambalo binafsi naliona ni udhaifu wa sheria hiyo, kwa kuwa ndiyo siku mfanyakazi anapohitaji fedha yake kuliko siku nyingine zote.

Kuhusu kugawanya hasara kwa kundi, Pendekezo Namba 85 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka huo huo wa 1949, linataka fidia ikatwe pale tu inapoweza kuonyeshwa bayana kwamba mfanyakazi anayehusika ndiye aliyesababisha hasara. Kenya, katika kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inataka uharibifu au upotevu wa mali uwe umetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Upungufu wa fedha unakatwa kwa yule tu ambaye mkataba wake unamkabidhi waziwazi kazi ya kupokea, kutunza na kulipa fedha, tena ikiwa upungufu umetokana na uzembe au kukosa uaminifu kwake. Gawanyo la sawasawa kwa kila aliyemo kwenye orodha ya mishahara halijibu hata sharti moja kati ya hayo. Mwenzenu aliyekuwa amelazwa ndiye ushahidi wenu wenye nguvu kuliko wote, kwa sababu kato lake linaonyesha kwamba hakuna aliyetafuta mhusika.

Mlipa Mishahara:

Mimi huandaa orodha ya mishahara, na ningependa kuongeza mambo ambayo huonekana mtu akikaa upande wa hesabu.

La kwanza ni huo mstari wa "makato mengineyo". Mstari huo ni kasoro ya kisheria peke yake, hata kama fedha iliyokatwa ingekuwa halali. Ibara ya 14 ya Mkataba Namba 95 uliotajwa na Wakili inataka mfanyakazi ajulishwe mchanganuo wa mshahara wake kila anapolipwa. Uingereza, kifungu cha 8 cha sheria ile ile, na Kenya, kifungu cha 20, zinataka hati ionyeshe mshahara kabla ya makato, kiasi kilichokatwa na sababu ya kukatwa. Anayeandaa hati hashindwi kuandika "upungufu wa mali wa mwezi fulani", kwa hiyo anapoandika "mengineyo", mara nyingi ni kwa kuwa akiandika sababu halisi ataulizwa.

La pili ni huo upungufu wenyewe. Watu husikia "mali imepungua" wakafikiri imeibiwa. Mimi nimekaa na vitabu vya stoo vya kutosha kujua kwamba sehemu kubwa ya upungufu huweza kuwa ya karatasi tupu. Hati ya mzigo kutoka kwa msambazaji huingizwa mara mbili, moja siku mzigo ulipofika na nyingine siku ankara ilipoletwa. Katoni moja yenye pakiti 24 huandikwa kama katoni 24. Bidhaa zilizorudishwa na mteja huwekwa rafuni bila kurudishwa vitabuni, au zilizovunjika hutupwa bila hati ya uharibifu. Mali iliyohamishiwa tawi jingine huondoka ghalani asubuhi, karatasi yake ikaandikwa baada ya siku ya kuhesabu. Katika makosa hayo kuna yanayofanywa na karani wa ghala, lakini kuna yanayofanywa na ofisi ya hesabu, na mengine na msambazaji. Mwajiri ambaye hajayapitia hayo hana "hasara halisi" ya kumdai mtu. Ana tofauti ya hesabu tu. Ndugu Mtunza Ghala, mkipata nafasi ya kujibu, ombeni kuona hati za kupokelea mzigo, hati za uharibifu na karatasi ya kuhesabia mali, kisha muulize ni bidhaa zipi hasa zilizopungua. Jumla peke yake haitoshi.

Kuhusu kuchelewa, ni lazima tutenganishe mambo mawili. Kutolipwa muda ambao hukufanya kazi, kwa maana halisi, hakukuondolei kitu ulichokwisha kukipata, maana fedha ya dakika hizo hujaipata. Lakini siku ya saa 8 ina dakika 480, nusu yake ni dakika 240, kwa hiyo aliyechelewa dakika 20 na kukatwa nusu siku amekatwa mara 12 ya muda aliokosekana. Dakika 220 alizofanya kazi na hakulipwa ni faini, na faini huhitaji idhini yake yenyewe katika sheria. Kenya, kwa mfano, inaruhusu kukata kwa kutokuwapo kazini bila ruhusa, lakini kwa kiasi kisichozidi mshahara wa siku moja kwa kila siku ya kazi aliyokosekana. Uwiano kati ya siku na siku ndio uliowekwa hapo, na hauwezi kutafsiriwa kwamba dakika chache zinunue nusu siku. Mchelewaji wa kila siku ana adhabu zake za kinidhamu, kuanzia onyo.

Sare nitaipitia kwa haraka. Pendekezo Namba 85 linataka makato ya vifaa na zana zinazotolewa na mwajiri yabanwe kwenye hali chache, yaani pale ilipo desturi inayotambulika ya kazi hiyo, au mkataba wa pamoja au tuzo ya usuluhishi, au utaratibu unaotambuliwa na sheria. Kitu ambacho mwajiri anakilazimisha kwa faida ya biashara yake kina hoja dhaifu sana ya kukatwa kwa mfanyakazi. Huko Marekani, chini ya Sheria ya Viwango vya Haki vya Kazi ya mwaka 1938, gharama ya sare, ya zana au ya upungufu wa fedha haiwezi kukatwa ikiwa itashusha malipo chini ya kima cha chini cha mshahara.

Hapo ndipo swali lako la tatu linapojibiwa. Sheria nyingi huweka ukomo, ila kila moja huupima kwa namna yake. Kenya inasema jumla ya makato yote isizidi theluthi mbili za mshahara, na mkopo aliotoa mwajiri usikatwe zaidi ya nusu ya mshahara unaobaki baada ya makato mengine. Chukua mtu ambaye kwa kila 100 ya mshahara wake anakatwa 20 za kodi na michango ya lazima, 25 za chama chake cha akiba na mikopo, na 25 za mkopo wa mwajiri. Kila kato likitazamwa peke yake ni halali, hata la mkopo halijafika nusu ya zile 55 zinazobaki. Ukijumlisha unapata 70, na theluthi mbili ni 66 na ushei, kwa hiyo orodha hiyo haiwezi kupita mpaka kato mojawapo lipunguzwe na deni lirefushwe muda. Waandaaji wengi wa mishahara hupima kato moja moja na kusahau kupima jumla.

Mwenye Duka:

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naomba nisikilizwe nami, kwa sababu mjadala huu huandikwa kana kwamba mwajiri anakata kwa raha zake.

Nina duka lenye wafanyakazi wachache. Mali inapotea kweli. Nikisubiri nimwonyeshe mhusika kwa ushahidi, sitampata kamwe, maana watu wanaofanya kazi pamoja hawatajani. Gawanyo la pamoja lina kazi moja kubwa, nayo ni kwamba kila mtu anakuwa mlinzi wa mali, kwa kuwa anajua ikipotea itamgusa. Mkiliondoa, mnaniachia nini? Hasara yote ibebwe na mimi, na anayeiba aendelee kulipwa mshahara kamili? Na kama mtu nimemlipa zaidi kwa makosa ya hesabu, au amechukua mkopo kwangu kisha akaacha kazi, hata hapo niende mahakamani?

Wakili wa Kazi:

Ndugu Mwenye Duka, hasara yako ni ya kweli na hoja yako nimeielewa, na nitaanza na sehemu ambayo una haki kabisa.

Malipo yaliyozidi kwa makosa ya hesabu unaweza kuyarejesha. Tanzania, Kenya na Uingereza zote zinalitambua hilo. Mkopo wenye maandishi, unaoonyesha kiasi na mpangilio wa kulipa, unaweza kukatwa ndani ya ukomo. Michango na kodi zinazotakiwa na sheria hukatwa bila kumwomba mtu ruhusa, na amri ya mahakama, kama ile ya matunzo ya mtoto, hukatwa hata mfanyakazi akinuna. Katika makato haya ya mwisho kumbuka tu kwamba wewe ni mpitishaji. Fedha uliyoikata kwa ajili ya mfuko wa hifadhi ya jamii, chama cha wafanyakazi au mdai mwingine ni lazima ifike huko kwa wakati. Mwajiri aliyekata michango na kukaa nayo ametenda kosa kubwa zaidi ya yule ambaye hakukata kabisa, kwa sababu mfanyakazi anaamini amewekewa akiba ambayo haipo.

Kuhusu gawanyo la pamoja sikubaliani nawe, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya haki, kwamba unamtoza asiye na kosa deni la mwenye kosa, na hakuna jina jingine la jambo hilo ila dhuluma. Ya pili ni ya kazi yenyewe. Mwizi katika kundi la watu 8 akichukua bidhaa ya thamani ya 80, anakatwa 10 na kubaki na faida ya 70, huku wenzake 7 wakigawana kumlipia. Utaratibu huo haumzuii mwizi, bali unamgharamia, na hao walinzi unaowategemea ndio wanaokata tamaa na kuondoka.

Ulichoachiwa ni kingi kuliko unavyodhani. Mkabidhi mtu mmoja droo moja ya fedha kwa zamu moja, ahesabu anapoipokea na ahesabu anapoikabidhi, wote wawili wakitia saini, na hapo upungufu utakuwa na mwenyewe. Punguza idadi ya wenye funguo, na weka daftari la kuzichukua na kuzirudisha. Hesabu bidhaa ghali kila wiki badala ya kungoja mwisho wa mwezi. Ukimpata mhusika, fuata utaratibu wa nidhamu na, ikibidi, umdai kwa kesi ya madai, ambako utapewa hukumu inayoweza kukaziwa, yaani kutekelezwa kwa nguvu ya mahakama. Kuna bima pia. Na ukitaka kundi lijali mali, tenga motisha juu ya mshahara, inayolipwa mwezi ambao hesabu imekaa sawa. Ila motisha hiyo iandikwe vizuri tangu mwanzo, kwa sababu ikishakuwa malipo ambayo mkataba unamhakikishia mfanyakazi, nayo huingia katika ulinzi wa mshahara, na kuinyima kutahesabika kuwa kato.

Jambo jingine ambalo baadhi ya waajiri hulifanya bila kujua ni kosa: kumkata mfanyakazi gharama za kumpata, iwe ni ada ya wakala au "shukrani" ya aliyemleta. Ibara ya 9 ya Mkataba Namba 95 inakataza moja kwa moja kato lolote ambalo ni malipo ya kupata kazi au kubaki kazini, lipelekwe kwa mwajiri, mwakilishi wake au dalali. Hapo hata ridhaa ya maandishi haisaidii.

Katibu wa Tawi:

Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, nimewasindikiza wafanyakazi wengi katika madai ya namna hii, na nitasema kuhusu hatua tu, maana sheria imeelezwa vya kutosha.

Kusanyeni kwanza hati za mshahara za miezi yote mliyokatwa, mikataba, na ujumbe wowote wa simu ambamo meneja alitaja kiasi au sababu. Kila mmoja aandike orodha ya siku alizokuwa zamu na siku ambazo hakuwapo. Kisha mwandikieni mwajiri barua fupi, yenye lugha ya heshima, mkiomba kwa kila kato sababu yake, hesabu yake na idhini ya kisheria au ya mkataba anayoitegemea, na mseme wazi kwamba mnalipinga. Neno hilo la kupinga lina kazi kubwa, kwa sababu kukaa kimya miezi mingi huku ukipokea mshahara uliokatwa humpa mwajiri hoja kwamba mlikubali. Nakala ya barua igongwe muhuri wa kupokelewa, au ipelekwe kwa njia inayoacha kumbukumbu.

Wakati mnasubiri jibu, endeleeni na kazi kama kawaida. Nimeona madai mazuri yakiharibika kwa sababu watu waligoma siku ya kwanza, na badala ya kujadili makato wakajikuta wanajadili utoro.

Muda ni jambo ambalo watu hulipuuza mpaka lichelewe. Kwa Tanzania, mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Kenya inatoa miaka 3 kwa madai yatokanayo na mkataba wa ajira, na kwa madhara yanayoendelea, miezi 12 tangu yalipokoma. Kila nchi ina saa yake, kwa hiyo ulizeni ofisi ya kazi au chama chenu mapema badala ya kungoja jibu la mwajiri ambalo huenda lisije.

Wengi huogopa kufukuzwa kwa kuuliza. Hofu hiyo ni ya haki, na sheria nyingi zimeifikiria. Uingereza, kwa mfano, kumfukuza mtu kwa sababu amedai haki yake ya kisheria, pamoja na hii ya kutokatwa isivyo halali, huhesabiwa moja kwa moja kuwa ni kumwachisha kazi isivyo haki. Hata hivyo, barua iliyotiwa saini na kundi zima ina usalama zaidi ya barua ya mtu mmoja.

Mtunza Ghala:

Nawashukuru sana. Nimewasomea wenzangu majibu haya na tumekubaliana kuandika barua kwa pamoja.

Limetokea jipya leo. Tumegawiwa fomu inayotaka kila mmoja akubali kukatwa kwa ajili ya upungufu wa miezi 3 iliyopita, ambao tayari tumeshakatwa sehemu yake, pamoja na "upungufu wowote utakaojitokeza baadaye". Tumeambiwa tuirudishe ikiwa na saini kabla ya mwisho wa wiki. Nusu ya wenzangu wanataka kuitia saini ili mambo yaishe. Tufanye nini?

Wakili wa Kazi:

Fomu hiyo inakuambia kwamba mwajiri wenu naye ameona kifungu cha mkataba hakimtoshi, la sivyo asingehitaji saini mpya.

Msiitie saini kama ilivyo. Sehemu ya yaliyopita ina hatari yake: katika nchi ambazo ridhaa ya maandishi kuhusu deni inakubalika, saini yenu leo inaweza kutumika kama kukiri kwamba deni lipo na kwamba kosa ni lenu. Kwa makato ambayo yameshafanyika, ridhaa inayotolewa baadaye haipaswi kuyahalalisha, na sheria ya Uingereza inasema wazi kwamba ridhaa haiwezi kuhalalisha kato linalotokana na jambo lililotokea kabla ya ridhaa hiyo kutolewa. Sehemu ya yajayo ina kasoro ile ile ya mkataba, kwa kuwa hakuna deni linalojulikana.

Lakini msiikatae kwa kimya wala kwa kuichana. Rudisheni fomu kabla ya siku iliyowekwa, kila mmoja akiwa ameambatanisha karatasi yenye maneno kama haya: "Nimepokea fomu ya ridhaa ya makato. Siwezi kuridhia deni ambalo sijaonyeshwa chanzo, kiasi na hesabu yake. Naomba nipewe kwa maandishi bidhaa zilizopungua, tarehe, hati zinazothibitisha, na sababu ya kunihusisha mimi binafsi, pamoja na nafasi ya kujibu. Makato yaliyokwisha kufanyika nayapinga na naomba yarejeshwe." Tieni saini na tarehe, mbaki na nakala, na yule mwenzenu aliyekuwa hospitalini aambatanishe hati yake ya kulazwa. Kama yuko anayeona ni lazima atie saini kwenye fomu kwa kuhofia kazi yake, basi aandike kwa mkono wake juu ya saini hiyo kwamba amepokea tu na hajaridhia, kisha aipige picha kabla ya kuikabidhi.